Kilti ya Kijani

Mtaani kwangu Nairobi yupo dobi ambaye ameweka meza yake nje ya kibanda, na mchana kutwa anapiga pasi. Nikipita akiwa na nguo ya pamba nzito iliyonyunyiziwa maji, mvuke wake hunifikia kabla sijamwona, na mimi, mtu mzima mwenye haraka zangu, husimama. Siku moja aliniuliza kama nimeleta nguo au nimekuja kumkagua. Nilimwambia naisikia harufu ya baba yangu. Akanitazama kwa huruma, akidhani nimefiwa.

Sijafiwa. Baba yuko hai, yuko Wundanyi, na ni goti moja tu linalomsumbua. Lakini harufu ile ya pasi na pamba mbichi ni yake. Ni harufu ya Ijumaa asubuhi huko Muaither, Doha, yeye akiwa amepiga magoti sakafuni mbele ya blanketi kuukuu, mimi nimekaa upande wa pili na kikapu cha vibanio vya nguo, tukinyoosha kilti yake. Kilti ni ile sketi ya wanaume wa Uskoti, bapa mbele na mikunjo tele nyuma. Naam, msomaji wangu, baba yangu, Mtaita, afisa wa misitu na mzee wa kanisa, alivaa sketi. Cheka upesi tuendelee, maana huko mbele habari yenyewe haina kicheko kingi.

Aliyetupeleka Doha alikuwa Mama. Alikuwa nesi, hospitali moja ikampa mkataba, naye akakataa katakata kwenda peke yake. Baba akaomba likizo ndefu isiyo na mshahara, akafunga nyumba, akaja pamoja nami kwa kibali cha Mama. Kibali kile kilimruhusu kuishi, kula na kulala. Kufanya kazi hakikumruhusu. Mtu aliyekuwa akizunguka misitu ya Milima ya Taita kwa miguu tangu alfajiri hadi jua la utosi, akiujua kila mti kwa jina lake la Kitaita na lile la vitabuni, sasa alikuwa na sebule na kiyoyozi kinachonguruma. Miti ya mtaa wetu ilikuwa michache, imepangwa foleni, kila mmoja na mpira wake wa maji. Baba alimaliza kuijua yote kwa wiki mbili.

Angeendelea kutembea hata hivyo, kama si suruali. Joto la Doha si joto la Voi, ambalo jioni linaona haya na kupungua. Suruali zake za heshima zilishika jasho, zikamchubua mapaja, mpaka akawa anatembea ameachanisha miguu kama mtu aliyeshuka kwenye punda. Mama alimpaka poda, akamkemea, akampaka tena. Mwishowe akaacha kutoka. Nikirudi shuleni nilimkuta kwenye kiti kilekile na gazeti lilelile. Nilikuwa na miaka tisa na sikuwa na neno la kuuita upweke, ila sura yake niliijua: ni mtu mzima anayefurahi kupita kiasi mlango unapofunguliwa.

Alichobaki nacho nilikuwa mimi, na dakika kumi za asubuhi. Kutoka kwetu hadi mahali liliposimama basi la shule palikuwa na mwendo wa dakika kumi, na poda au hapana poda, hizo hakuziacha. Kila asubuhi alinipa mti mmoja wa nyumbani. Leo msambarau, kesho mgunga, kesho kutwa msesewe na jinsi unavyotibu tumbo. Tulitembea bega kwa kiuno, kwa sababu bega lake sikulifikia, na basi lilipotokea mti ulikuwa umekwisha. Basi la shule yangu ya kwanza lilikuwa na watoto watano tu, wadogo kuliko mimi, na hakuna aliyewahi kuniuliza lolote.

Ng'ambo ya nyumba yetu, ndani ya kompaundi ileile, aliishi mzee mmoja Mskoti, mhandisi wa pampu za maji, jina lake Duncan. Alikuwa amefiwa na mkewe na alizungumza na maua yake. Alivaa kilti kila siku aliyokuwa nyumbani, rangi ya mchanga, ya pamba, yenye mifuko mikubwa ubavuni ambamo alitia funguo, bisibisi na mara nyingine ndizi. Watoto wa kompaundi tulimwita Bwana Sketi. Jioni moja baba alimkuta akimwagilia, wakaanza kuongea juu ya mwarobaini uliokuwa ukinyauka, na mwisho wa maongezi baba, ambaye haya ilikuwa imeshamwishia kwa sababu ya mapaja, akamuuliza waziwazi habari ya ile nguo.

Mzee Duncan akamsimulia. Kwao kilti ilikuwa nguo ya harusi na mazishi, ya sufu, nzito kama blanketi la hospitali, na yeye mwenyewe aliivaa kwa kulazimishwa. Halafu akateleza mlimani akavunjika mguu. Ukafungwa plasta hadi pajani, na hakukuwa na suruali iliyopita pale. Mkewe akaitoa ile kilti ya harusi kabatini. Miezi mitatu aliivaa kwenda dukani, kwa daktari, bustanini. Plasta ilipotolewa mkewe akamletea suruali. Aliivaa asubuhi, adhuhuri akaivua.

"Nilijiona nimefungwa plasta miguu yote miwili," alisema. Basi akashonewa nyingine nyepesi, akaipandia milima, akaizoea, na tangu siku hizo hakuvaa tena suruali ila akiitwa na wakubwa.

Baba alirudi ndani. Wakati wa chakula akaweka kijiko chini, akatuhutubia. "Babu yako, Wakesho, hakuijua suruali mpaka alipokwenda kutafuta kazi kwenye shamba la mkonge. Alivaa shuka, akapanda milima, akazaa watoto tisa. Mzungu akamwambia avae suruali ndiyo awe mtu. Sasa jamaa za Mzungu huyohuyo wamevaa sketi. Nani alidanganywa hapo?"

"Kula, Baba Wakesho," Mama akasema. "Chakula kinapoa."

Wiki ile baba alinunua kitambaa cha pamba nzito, kijani kile cha sare za misitu, akakipeleka kwa fundi cherehani mmoja wa Kihindi pale Muaither pamoja na kilti ya Mzee Duncan iwe kielelezo. Fundi aliigeuzageuza, akaisoma mikunjo kwa kidole, kisha akacheka na kusogeza kiti chake nyuma tuone alichovaa chini ya meza: lungi ya miraba, ile shuka ya kufunga kiunoni, miguu mitupu. "Hii ni lungi iliyokwenda shule," alituambia. Aliishona kwa siku nne. Mama alipoiona imetundikwa bafuni alisema nyumba hii sasa ina sketi tatu, na kwamba anatumaini mwenye miguu mibaya kuliko wote hatachukua kioo chote asubuhi.

Ilikuwa na mikunjo ishirini na sita. Najua kwa sababu kuihesabu ilikuwa kazi yangu. Kila Ijumaa, kabla jua halijapata nguvu, baba aliitandika kwenye blanketi, akanyunyiza maji kwa vidole, mimi nikabana kila mkunjo kwa kibanio, naye akafuata na pasi, mmoja baada ya mwingine, mvuke ukipanda usoni petu. Ukiona vyaelea, vimeundwa, alikuwa akisema akiinyanyua, na mikunjo ikaanguka yote kwa pamoja. Nilijivunia ile nguo. Hilo naomba ulikumbuke tutakapofika mbele.

Kisha Mzee Duncan alipiga honi, wakaenda. Walipita Al Wukair hadi mahali nyumba zilipokoma, wakaacha gari, wakatembea jangwani saa mbili nzima na chupa za maji kiunoni. Mara moja walinichukua. Nakumbuka nilivyobaki nyuma nikiwatazama, wazee wawili, mmoja kilti ya kijani, mmoja ya rangi ya mchanga, upepo ukicheza nyuma yao. Baba alikuwa akitembea ule mwendo wake wa Wundanyi, mrefu, usiotazama chini, ambao nilikuwa nimeshausahau. Alirudi na mawe, mbegu, mfupa wa sijui mnyama gani. Mapaja yalipona. Ilipofika Juni alikuwa haivui tena ila kanisani, na wakati wa kulala.

Aibu moja tu tuliipata, nayo ilitufurahisha. Tulikwenda kwenye duka moja kubwa huko West Bay, na mlangoni kijana wa ulinzi, mtu wa kwetu kabisa, akatusimamisha. Alikuwa amekunja uso kwa mateso.

"Mzee wangu, nisamehe bana," alisema kwa sauti ya chini. "Shida ni magoti. Hapa magoti hayaruhusiwi. Supavaiza akikuona, ni mimi nitaitwa ofisini."

"Hakuna shida, kijana yangu. Fanya kazi yako."

Baba akakaa nje kwenye ukingo wa maua mpaka tulipomaliza. Tulipotoka tulimkuta yeye na yule kijana wameshajuana hadi majina ya babu. Njiani alituambia kijana amesoma mpaka chuo kikuu, na sasa anasimama saa kumi na mbili kwa siku. "Kusimama ni kazi ngumu kuliko kutembea," alisema. "Msimwone hivihivi." Kesho yake fundi akaishusha kilti vidole vinne, na magoti ya baba hayakuonekana tena hadharani.

Septemba ya mwaka huo, 2008, nilihamia shule nyingine. Ilikuwa shule kubwa, na basi lake lilikuwa kubwa, jipya, limejaa watoto waliojuana tangu chekechea. Siku ya kwanza hakuna aliyeniongelesha. Siku ya pili pia. Mbele kabisa alikaa msichana anaitwa Nadia, mwenye sauti ya kusikika hadi kiti cha nyuma, na ilikuwa wazi hata kwa mgeni kwamba akikukubali yeye umekubaliwa na basi zima.

Siku ya tatu baba alikuwa akinipa mkuyu. Alinieleza mizizi inavyotafuta maji, ndege wanaolala ndani yake, na kwamba wazee hawakuukata ovyo. Nikamuuliza kwa nini sijawahi kuona maua yake. Akafurahi sana. "Hilo ndilo swali. Unatoa maua, tena mengi. Yako wapi? Nitakueleza kesho, maana basi hilo linakuja." Nikapanda. Kabla sijakaa Nadia aliniuliza, kwa ile sauti yake, yule mwanaume mwenye sketi ni nani.

Basi zima likageuka kumtazama baba, kisha likageuka kunitazama mimi. Bibi yangu alikuwa akisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole langu lilikuwa zima kabisa.

"Ni mlinzi wa kompaundi yetu," nikasema.

Hakuna aliyeshuku. Kwa nini washuku? Mlango gani wa Doha haukuwa na mtu wa rangi yetu amesimama? Nadia akaitikia kwa kichwa, suala likaisha, na ndipo nilipomwona baba kwenye ngazi ya basi, mkono umenyooka, ameshika chupa ya maji niliyokuwa nimeisahau mkononi mwake. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia hata pumzi yangu.

Alinitazama kidogo tu. Kisha akasema kwa Kiingereza, taratibu, ili wote wasikie: "Chupa yako, madam."

Akashuka, akasimama wima kando ya barabara, akapeleka mkono kwenye paji la uso na kupiga saluti. Watoto wakapiga makofi. Nadia akasogea, akanipisha nikae.

Siku ile nzima nilingoja kurudi nyumbani nikemewe. Nilikuwa nimeshajiandaa kulia. Baba akanifungulia mlango, akaniuliza habari za hesabu, akanikatia tikiti maji. Mama alipotoka zamu hakuambiwa kitu. Nikalala nikiamini, kwa akili ya miaka tisa, kwamba baba ameuona kuwa ni mchezo na ameupenda.

Asubuhi yake alitoka chumbani amevaa suruali ya kijivu, viatu vyeusi na kofia ya sare yake ya misitu. "Twende," akasema, akanifungulia geti, akaniacha nitangulie. Nilitembea nikisubiri anifikie aniambie yalipo maua ya mkuyu. Nilivisikia viatu vyake nyuma yangu. Nilipopunguza mwendo, navyo vikapunguza. Tulipofika mahali pa basi alisimama mbali, karibu na nguzo ya umeme, mikono nyuma. Nilizihesabu hatua kwa macho, kama nilivyozoea kuhesabu mikunjo. Zilikuwa kumi.

"Baba, njoo hapa."

"Hapa panatosha," akajibu.

Nisijipake asali: nilipata nafuu. Basi lilipofika alipiga saluti yake, watoto wakampungia, nami nikampungia kama wao. Ikawa hivyo kesho, na kesho kutwa, na wiki ile yote. Sikuambiwa tena mti wowote. Nilijiambia miti imekwisha.

Ule ulikuwa mwezi wa Ramadhani, na Doha wakati wa Ramadhani watu hugawa chakula cha futari, na walinzi, wafagiaji na madereva huwekewa maboksi yao. Asubuhi moja Nadia alipanda na boksi jeupe lililofungwa kwa utepe. Mama yake amelituma, alisema, kwa ajili ya mlinzi wenu. Nililipakata kutwa nzima darasani, likinukia wali na iliki, huku njaa ikinishika na jambo jingine lisilo njaa. Mchana basi liliponishusha baba alikuwa kwenye nguzo yake, suruali imelowa hadi magotini. Nadia alikuwa dirishani akitazama. Basi nikazitembea zile hatua kumi, nikampa baba yangu mwenyewe sadaka ya mlinzi.

Alilipokea kwa mikono miwili. Aliinama kidogo kuelekea dirishani, akaweka mkono kifuani, akasema "Shukran."

Nyumbani aliliweka mezani. Mama alikuwa kazini. Nilimwambia baba tule, kimepoa. Akasema hapana, hiki kimetolewa kwa nia ya mtu aliyefunga, na chakula cha futari hakiliwi mchana. Tukakaa, Wakristo wawili, tukilitazama boksi mpaka jua likazama na adhana ikasikika msikitini. Ndipo akafungua, akanipa nyama yote, yeye akala wali. "Mama yake Nadia ni mtu mwema," alisema. "Mwambie mlinzi ameshukuru." Hakulisema kwa kejeli. Nililitafuna lile neno pamoja na nyama.

Hapo ningeweza kusema. Sikuhitaji ujasiri mkubwa. Nilihitaji maneno matatu tu asubuhi moja ndani ya basi. Lakini kila siku niliyonyamaza iliifanya ya kesho iwe ngumu zaidi, na Nadia sasa alikuwa rafiki yangu, na sikuwa na mwingine.

Mapaja ya baba yakaanza upya. Mama akamuuliza mbona ameacha ile sketi yake. Akajibu imechakaa. Ilikuwa haijatimiza hata mwaka. Ilikuwa imetundikwa nyuma ya mlango, na vumbi limeanza kukaa kwenye mikunjo. Ijumaa Mzee Duncan akapiga honi. Baba akanituma nikamwambie mgongo unamuuma. Ijumaa iliyofuata honi ikalia, nikatumwa tena. Ya tatu, Mzee Duncan hakupiga honi. Alikuja mpaka mlangoni na ndizi mfukoni, akaniuliza huo mgongo unaendeleaje. Nilisema unaendelea vizuri. Akacheka, akasema basi nao ungetoka kutembea, akasimama kidogo, akaenda peke yake.

Novemba mkataba wa Mzee Duncan ukaisha. Alikwenda uwanja wa ndege amevaa kilti ileile ya rangi ya mchanga. Alitugongea kuaga, na baba akatoka, suruali ya kijivu imempwaya kwa sababu alikuwa amekonda. Wakashikana mikono muda mrefu wakiulizana habari za mwarobaini. Baba alisimama getini hata teksi ilipokwisha kupotea. Nilitaka kumshika mkono, lakini tulikuwa tumeshapoteza mazoea.

Desemba akatuambia anarudi Wundanyi, likizo yake inakwisha na msitu haumsubiri mtu. Niliamini. Mimi na Mama tulibaki Doha miaka mingine sita, nikakua, nikapata marafiki wengi, nikawa nazungumza na baba Jumapili kwenye simu juu ya mitihani na mvua. Ni mpaka nilipokuwa chuoni Nairobi ndipo siku moja, tukichambua mchicha, Mama alinieleza jambo kwa namna ya kupitisha wakati. Likizo ya baba ilikuwa na mwaka mzima mbele. Mama alimsihi abaki. Akamuuliza ana nini. "Akanijibu, huku sina mahali pa kusimama," Mama alisema. "Mpaka leo sijui alikuwa na maana gani. Nyumba nzima ile!"

Nilijua. Nilikata mchicha nikajikata kidole. Nilielewa kwamba hakuwahi kudhani ni mchezo, hata dakika moja. Aliona mtoto wake anazama mbele ya watu, akampa kitu cha kushika, na kitu chenyewe kilikuwa yeye. Ada ya mja hunena, muungwana ni vitendo. Yeye hakunena lolote, wala kwa Mama, wala kwangu. Na nilielewa pia kwamba hakuionea haya ile kilti kamwe. Aliivua kwa sababu mlinzi havai kilti.

Siku hizi anaivaa. Amestaafu, na ameshona nyingine mbili. Anapanda nazo kwenye misitu yake ya zamani, na vijana wa Wundanyi waliocheka mwanzoni wamechoka kucheka. Wawili watatu wanaochunga mizinga ya nyuki wamemwomba kielelezo. Wao husema ni nafuu kwenye umande, suruali hulowa miguuni na kilti hailowi. Nikienda nyumbani baba hupiga pasi mwenyewe, na mimi hubana mikunjo. Bado ni ishirini na sita.

Desemba iliyopita alinisindikiza kupanda gari la Voi. Tulikwenda tukiongea, goti lake likimfanya abaki nyuma kidogo, mimi nikatangulia na begi. Nilipofika nikageuka. Alikuwa amesimama mbali, mikono nyuma, mikunjo ya kijani imetulia. Nilidhani ni goti. Nikamwita asogee.

"Hapa panatosha," alisema.

Ndipo nikakumbuka kila kituo alichowahi kunisindikiza tangu nirudi Kenya, na kila mara alipokuwa amesimama. Sikuhitaji kuhesabu. Niliweka begi chini mbele ya utingo, dereva, na akina mama wenye vikapu vya kabichi, nikazitembea zile hatua mpaka nikafika, nikasimama ubavuni pake. Sasa bega lake nalifikia.

"Baba," nikamwambia kwa sauti ya kusikika hadi kiti cha nyuma, "maua ya mkuyu yako wapi?"

Midomo ikamcheza.

"Miaka yote hii, Wakesho, hukusoma kitabuni?"

"Nilisoma. Yamefichwa ndani ya tunda."

"Sasa waniulizia nini?"

"Uliniambia utanieleza kesho."

Utingo akapiga bati, akauliza kama huyu dada anakwenda au haendi. Baba akamwinulia kiganja asubiri, akajikohoza, akanishika mkono, akaanza na mizizi.